Kipindi cha Kuganda

Mama mwenye nyumba niliyopanga alimsimamisha fundi wa bati, makuti yakiwa yameshashushwa na masika yakikaribia, kwa sababu ya karatasi iliyohusu kompyuta.

Karatasi hiyo niliibandika mimi, kwenye ukuta wa intaneti kafe hapa Lindi mjini. Enzi hizo kila kitu kilikuwa kinafunguliwa: vibanda vya simu, redio za watu binafsi, na kafe hizo. Sisi tulikuwa watu wachache wa kujitolea, wawili Lindi, mmoja Kilwa Masoko, wengine Dar, tukitafsiri kwa Kiswahili mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao yeyote aliweza kuuchukua bure. Wenzetu wa Dar walituma mpango wa matoleo yajayo, tuubandike ili tupate watu zaidi. Juu waliandika, kwa kutafsiri Kiingereza neno kwa neno: RAMANI YA BARABARA. Chini yake: "Kuanzia mwezi ujao ni kipindi cha kuganda. Hakuna kuongeza kitu kipya, ni kurekebisha kilichopo tu."

Nyumba ya mama huyo ilikuwa kando ya barabara ya Dar, ile tuliyoahidiwa lami tangu nikiwa mtoto. Alipoisoma karatasi alidhani ni tangazo la serikali, kwamba barabara inakuja na wa kando yake wamekatazwa kujenga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unakaa kwangu, unajua barabara inakuja, na unanyamaza?"

Nilimweleza. Alisikiliza, kisha akaanza kunihoji.

"Mkubwa wa huo mradi nani?"

"Hakuna mkubwa. Tunajadiliana."

"Anayewalipa?"

"Hatulipwi."

"Utakwisha lini?"

"Ukiwa tayari."

Fundi, aliyekalia bati uani, alicheka. "Mama, hiyo ndiyo barabara yetu hiyohiyo! Asikuzuge huyu." Akanigeukia. "Haya, msomi, bati ni kitu kipya au ni kurekebisha?"

Ningecheka, ila wiki hiyo wenzangu walikuwa wakigombana kwa barua pepe juu ya jambo hilohilo: menyu iliyotafsiriwa upya ni marekebisho au ni nyongeza? Nilikuwa nimesoma hoja za pande zote, na kila niliyoimaliza niliiafiki. 

"Mama, karatasi yangu haihusu nyumba yako," nilisema. "Ezeka."

"Yako haihusu. Na ya wenye barabara je?"

Karatasi hiyo hakuna mtu mtaani kwetu aliyewahi kuiona. Mama alitazama chumba kisicho na paa, akatazama mawingu, akaingia ndani bila kuniaga.

Asubuhi alimwambia fundi, "Panda." Fundi aliegemeza ngazi, akapanda, akapigilia bati la kwanza. Alipofika la pili alisita, akatuuliza kutoka huko juu kama tumekiona kigingi nyuma ya choo, kilichopakwa rangi nyekundu kichwani kama vile vya wapimaji wa barabara.

Tulizunguka kukitazama. Kilikuwa kipya. Majirani wote tuliowauliza hawakumwona aliyekipigilia.