Mshenga Aliyeshushwa na Meli

Ndugu wasomaji, siku ile ya posa jasho lilinitoka mpaka viatu vikalowa. Mimi, mhitimu wa shule ya usiku, nilikuwa nimeajiriwa pale Kisarawe kumfundisha Kiswahili Bwana Shamba, Mzungu aliyefika kutoka Ulaya juzi juzi.

"Mtu kubwa," akasema, "kitabu mzuri."

Nani amkosoe bwana mkubwa mbele ya watumishi wake? Nikajibu, "Vizuri sana, bwana!" Ili asione haya, nami nikaanza kusema kama yeye. Miezi ikapita, tukaelewana kama pacha. Kumbe Kiswahili chake kilikuwa kinaota mizizi kinywani mwangu.

Ndipo rafiki yangu Yohana akaniomba niwe mshenga wake kule Maneromango. "Wewe msomi," alisema. "Ukiharibu, binti anakwenda kwa yule fundi cherehani wa Visiga, naye anamposa."

Tulipokaribishwa mkekani, nikakohoa kisomi. "Wazee yangu, sisi nakuja kwa heri. Kijana yetu iko nzuri, nataka mke."

Wazee wakatazamana. Yohana akafumba macho. Mimi nikadhani wazee wamestaajabia elimu, nikazidisha madaha.

Bibi yake binti akanihurumia. Akanishika mkono, akapaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto: "Wewe... taka... maji?"

"Ndiyo, bibi. Maji baridi iko mzuri."

Bibi akamgeukia Yohana. "Mjukuu wangu, huyu ameshushwa na meli gani?"