Miaka Ishirini Hewani

Mtu aliyemuua mke wangu ndiye aliyesoma risala kwenye mazishi yake.

Na watu walimpigia makofi. Makaburini, ndugu zangu. Makofi!

Mimi mwenyewe nililia kwa maneno yake mpaka shemeji yangu akanishika kiuno nisije nikaangukia shimoni. Yule jamaa ana sauti, acha tu. Sauti ya kumtoa nyoka pangoni.

Nawasimulia kama yalivyonipata, bila kutia chumvi. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta neno limepinda, linyoosheni wenyewe.

Mimi ni fundi wa kupaka rangi. Mke wangu alikuwa mpishi kwenye shule moja ya marubani, nje kidogo ya mji. Wanafunzi walimwita Mama Chai. Mimi nilikuwa napata vibarua palepale: kuta, uzio, na ile mistari myeupe ya kwenye njia ya ndege.

Binti yetu, wa pekee, alikulia jikoni kwa mama yake. Alitazama ndege mpaka akili ikaruka nazo. Alipomaliza masomo akasema anataka urubani.

Nikamwambia, "Mwanangu, katika ukoo wetu aliyewahi kupanda juu sana ni mimi, na ilikuwa ngazi."

Akacheka. Mama yake akaenda kumwombea nafasi kwa mkuu wa shule. Akapata.

Huyo mkuu kila mtu alimwita Kapteni. Kazi yake ilikuwa kusimamia mafunzo na usalama. Yaani ndege iruke au isiruke, neno la mwisho ni lake.

Siku alipoletwa pale, mkubwa mmoja kutoka huko juu alishika kipaza sauti akatuambia, "Tumewaletea kiongozi. Huyu bwana amekaa hewani miaka ishirini na ushee!"

Tukapiga makofi. Mke wangu alipiga kuliko wote.

"Punguza basi," nikamnong'oneza, "viganja vitatoka malengelenge."

"Una wivu wewe," akanijibu, akaendelea kupiga.

Sasa njooni kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa siku ya wazazi. Mahema, viti, wakubwa na miwani yao myeusi. Mimi nilikuwa namalizia kupaka jukwaa, maana kazi za wakubwa hukumbukwa wageni wakiwa getini.

Upepo ulianza asubuhi ile. Haukuwa upepo wa kupepea. Turubai la hema lilikuwa linapiga pa! pa! pa! kama mtu anayefukuza kuku.

Kapteni alikuwa ametangaza kwamba wafanyakazi wa siku nyingi watarushwa kidogo, waonje matunda ya jasho lao. Wa kwanza, Mama Chai.

Mwalimu aliyepangwa kumrusha alikuwa kijana mpole, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Akamfuata Kapteni jukwaani. Niliwasikia, nilikuwa miguuni pao na brashi yangu.

"Kapteni, upepo huu unatupiga ubavuni. Tungoje ulale kidogo."

"Wageni hawakuja kutazama upepo, mwalimu."

"Lakini mimi naona..."

Kapteni akageukia kipaza sauti. "Jamani, huyu ni rubani au ni mkulima anayengoja mvua?"

Mahema yote yakacheka. Kijana wa watu naye akacheka, kile kicheko cha mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Akaenda kwenye ndege.

Nikamkimbilia mke wangu. "Mama watoto, hebu acha. Chai yako itapoa."

"Itapashwa moto," akasema. Akakaza kilemba, akapanda.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Itapashwa moto.

Ndege ikaondoka. Na Kapteni akaanza kutangaza kama mpira.

"Inapaaaa! Inapaa, mabibi na mabwana! Mama Chai huyooo! Leo anawaandalia malaika!"

Watu wakashangilia. Mimi pia nilipunga brashi, rangi ikanirukia usoni.

"Sasa inakata kona, taratiiibu, kwa madaha, kama bi harusi..."

Kando yangu alisimama fundi wa ndege, mtu mzima asiye na maneno mengi. Yeye hakushangilia.

"Ile haikati kona," akasema. "Inasukumwa."

Nikamtazama. Alikuwa ameacha kupumua.

Bawa likalala upande. Ndege ikapungua, ikapungua, ikaenda nyuma ya miti.

Na Kapteni bado anaongea! "Imejificha kidogo, ndugu wageni, msibanduke kwenye viti, sasa hivi itatokea..."

Haikutokea.

Kilichotokea ni moshi.

Shule ikafungwa, tume ikaundwa. Wakapimapima, wakapiga picha, wakanywa chai iliyopikwa na mpishi mpya. Jibu likaja: kosa la rubani. Mwalimu yule kijana alifia pale pale na mke wangu, na mfu hana wakili. Neno moja juu ya yule aliyemtuma na kumcheka? Hakuna.

Mama yake yule kijana aliacha kutoka nje, kwa aibu. Aibu ya nani? Wenye aibu yao walikuwa wanaendelea kubadilisha tai.

Matanga hayajapoa, Kapteni akaja nyumbani kwangu. Akaketi kwenye kiti cha marehemu bila kuuliza.

"Mzee wangu, shule inafunguliwa upya. Tutaita wageni. Na siku hiyo nataka binti yako aruke peke yake kwa mara ya kwanza. Binti wa Mama Chai! Peke yake! Watu watalia mpaka viti vilowe."

Nikamtazama binti yangu. Nilitegemea amfukuze.

"Nitaruka," akasema.

Tangu hapo kila tonge likawa mchanga mdomoni. Nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja tu duniani, na yule bwana alikuwa ananiomba nimlete kwenye mahema yaleyale.

Nikaenda ofisini kwake kumwomba amwache. Nilikwenda kupiga magoti, sifichi. Baba wa mtoto mmoja hana kiburi.

Nikamkuta anaongea na simu. Akaniashiria nikae. Nikabaki natazama picha yake kubwa ukutani. Kapteni akiwa kijana, amevaa vile vifaa vya masikioni, kidude cha kusemea kiko mdomoni, anatabasamu. Chini pameandikwa: MIAKA ISHIRINI HEWANI.

Picha ile nilikuwa nimeshaiona mara nyingi nikipita na ndoo zangu. Siku hiyo ndiyo nilikaa nayo uso kwa uso.

Ndege gani hii haina dirisha?

Nikasogea. Nyuma yake hapakuwa na anga. Palikuwa na ukuta uliobandikwa sponji, na kibao chekundu: KIMYA, TUKO HEWANI.

Alipoweka simu nikamuuliza, "Kapteni, hapa ulikuwa ndani ya ndege gani?"

Akaangua kicheko. "Ndege? Mzee wangu, hiyo ni studio! Redio! Hukuwahi kunisikiliza asubuhi?"

"Asubuhi mimi nakuwa nimeshatoka kutafuta vibarua."

"Basi umekosa mengi."

"Kwa hiyo wewe umerusha..."

"Nimerusha vipindi, mzee. Vipindi!"

"Na ukapteni?"

"Timu ya mpira ya redio yetu. Namba nane mgongoni. Jina likaniganda."

Wallahi hakujificha. Angejificha ningemwelewa! Mwizi akikuona hukimbia, huyu alinikaribisha kiti.

Nikamwambia, "Na wakubwa waliokuweka hapa, wanajua?"

"Wao ndio walionifuata. Shule ilikuwa imechafuka jina, ndege zinaharibika, wazazi wananung'unika. Wakahitaji mtu anayejua kuongea na watu. Uongozi ni uongozi, mzee wangu. Kwani mkurugenzi wa hospitali lazima ajue kupasua?"

"Lakini mkurugenzi wa hospitali asingemwambia daktari apasue gizani."

Akairekebisha tai. Kidogo tu. Kisha ile sauti ikarudi, tamu kama asali. "Una machungu, nakuelewa. Binti atakuwa salama. Niamini."

Nikatoka bila kupiga magoti.

Nyumbani nikamkuta binti yangu anafua sare yake. Nikamwambia kila kitu, mate yanaruka. Yule si rubani! Hajawahi kuongoza hata baiskeli ya angani! Ni mtu wa redio!

Akasuuza kola. "Najua, Baba."

"Unajua?"

"Sote tunajua. Wanafunzi, walimu, mafundi. Tunamwita Redio akigeuka."

"Na mnakaa kimya?"

"Aliyesema aliambiwa hana nidhamu, akaondolewa. Baba, mimi nataka kuruka. Kwani ndege anaendesha yeye?"

"Ile ya mama yako nani aliendesha?"

Akaanika sare, ikabaki inaning'inia kambani, inatingishika. Nikageuza uso.

Siku ikafika. Mahema yaleyale, miwani ileile. Walimu walijipanga pembeni, kila mmoja anatazama viatu vyake.

Upepo ulikuwa mdogo watu wakikaa. Binti yangu alipopanda, ukaamka. Ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo ukanyooka kama mkono wa askari.

Kapteni kipaza sauti mkononi. "Shujaa, mtoto wa shujaa! Leo anakwenda kumsalimia mama yake!"

Jamani. Kumsalimia mama yake!

Nikaruka kamba nikaanza kwenda kule iliko ndege. Mlinzi akanikumbatia kiunoni. "Mzee, mzee, usituharibie shughuli."

Panga la mbele la ndege likaanza kuzunguka. Ndege ikasogea. Ikafika mwanzo wa njia, ikasimama pale inatetemeka.

Nikafumba macho. Sioni aibu kusema. Niliona mara ya kwanza, mara ya pili nilikataa.

Halafu mngurumo ukakatika.

Nikafumbua. Panga limesimama. Binti yangu ameshuka, anarudi kwa miguu katikati ya mistari niliyoipaka mimi mwenyewe. Hakimbii, wala halii.

Kapteni akamlaki, akamsogezea kipaza sauti mdomoni. Nadhani alitegemea machozi.

"Upepo," binti akasema.

Neno moja. Spika zikalibeba mpaka kwenye mahema ya nyuma.

Kapteni akakirudisha kipaza sauti upesi. "Ameguswa, ndugu wageni! Kumbukumbu za mama zimemlemea! Tumpe nguvu!"

Na watu wakapiga makofi.

Tuliondoka kwa miguu. Tulipolivuka geti nikamuuliza, "Kitu gani kimekurudisha?"

"Nilikuwa nimevaa vifaa vya masikioni, Baba. Redio akaingia humo. Akasema, 'Hali ni shwari, mwanangu, nenda.' Kwa ile sauti yake. Na unajua, nilimwamini? Nje naona mfuko umenyooka, lakini mkono wangu ukaanza kusukuma mpini wa mafuta. Ndipo nikamwelewa Mama."

"Kumwelewa vipi?"

"Siku ile yule mwalimu kijana alinituma, kabla hujamfikia Mama. Aliniambia nimkataze Mama asipande. Nikamkimbilia, nikamwambia, huyu Kapteni hajui kitu, ni mtangazaji tu. Akanicheka."

Nikasimama.

"Alikuwa anajua, Baba. Kabla yetu sote. Alimtambua siku ya kwanza kwa sauti. Akaniambia, 'Mwanangu, huyu amenisomea hali ya hewa kila asubuhi tangu nikiwa na mimba yako. Akisema mvua, naingiza nguo. Leo ndio anidanganye?'"

Nilikaa chini palepale kando ya barabara. Magari yanapita, watu wanatutazama, mimi nimekaa.

Muda wote nilidhani nimeoa mtu aliyedanganywa na lile neno 'hewani' kama mimi. Kumbe yeye alijua kila kitu. Alipanda kwa sababu alijua.

Sasa mtaniuliza, Kapteni yuko wapi? Kufungwa? Kufukuzwa?

Amepandishwa. Sasa anasimamia usalama wa shule zote za marubani, si ile moja. Wakubwa walisema alituliza wageni vizuri katika kipindi kigumu.

Binti yangu aliandikiwa kwamba hana moyo wa kuruka. Wakamtoa. Mtaani wapo wanaomwita mwoga. Anafanya kazi na mimi sasa, anapaka madirisha ya juu, kwa sababu mimi magoti yameisha.

Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwangu kilio kilishakuja. Sasa hivi ninapoandika, binti yuko juu ya ngazi ananicheka kwamba nimeketi kwenye kopo la rangi mbichi.

Niachieni kicheko hicho.

Nanyi wenye watoto shuleni, mkiletewa kiongozi msiulize amekaa wapi miaka mingapi. Muulizeni alikuwa anafanya nini huko. Na akijibu vizuri sana, kwa sauti tamu sana, mshike mtoto mkono, mtazame nje dirishani kwanza.