Bi Foleni na Wifi Yake

Ofisini tulimwita Bi Foleni, na hakuchukia. Ndiye aliyebuni programu ya kiwanda cha keki: sehemu moja inapokea oda za maduka, kila oda na picha zake, nyingine inazichapisha kwa waokaji, zote zikifanya kazi kwa wakati mmoja. Katikati aliweka foleni. Oda inaingia nyuma, inatolewa mbele. Foleni ilikuwa na kikomo: ikijaa, sehemu ya kupokea inasimama mpaka nafasi ipatikane.

Alistarehe na kazi yake mpaka bosi alipomwajiri wifi yake, mdogo wa mumewe, akampa sehemu ya kuchapisha. Binti mcheshi, mwepesi wa kazi. Nyumbani mama mkwe anamsifu, ofisini bosi anamsifu. Bi Foleni alicheka naye kwa meno tu. Mimi wa meza ya jirani niliona wivu ukimla mzimamzima.

Kisha kikatangazwa cheo cha mkuu wa chumba chetu. Bosi angekuja kutazama programu ikipokea oda za kweli, halafu aamue.

"Sehemu yangu ikisimama kumngoja yule, nitaonekana mimi ndiye mzembe," aliniambia. "Simngoji mtu!"

Akaondoa kikomo. Nilimkanya, akanikata jicho.

Siku ilipofika, oda zilimiminika kwenye skrini yake, bosi akapiga makofi. Lakini printa ya waokaji haikuwa na haraka na mtu. Oda zikarundikana mpaka kumbukumbu ya kompyuta ikajaa, programu ikazima, na zote zilizokuwa foleni zikapotea. Simu za maduka zikaanza kulia.

"Nani kagusa foleni?" bosi alifoka.

Bi Foleni akainamisha macho kwenye kibodi yake. Wifi yake alimtazama, akaelewa, akasimama.

"Ni mimi, bosi. Nisamehe."

Akarudisha kikomo palepale, kisha akapigia duka baada ya duka kuomba oda upya. Cheo akapewa Bi Foleni.

"Kwa nini umefanya vile?" Bi Foleni alimuuliza wifi yake, bosi alipotoka.

"Ah, wifi! Tukigombana sisi, kaka atakula wapi kwa amani?" Akacheka, akaenda zake.

Nikamgeukia mkuu wetu mpya kumpa hongera. Macho yalikuwa mekundu.

"Umemwona?" aliniambia. "Hata lawama yangu kaibeba vizuri kuliko ambavyo ningeibeba mimi."