Wali Ukaiva

Watu wa rika langu wakikutana siku hizi hupenda kusema kwamba sisi wa bara tulikuwa gizani, eti mtoto wa Tabora hakujua katuni za televisheni ni kitu gani mpaka juzi juzi. Huwa nakasirika. Nyumbani kwetu tulizijua tangu enzi za Ujamaa, wakati wa foleni za sukari. Tena tulizijua kwa kuzisoma, kwa sababu tulizichora wenyewe, mimi na kaka yangu, na aliyetusimulia ni shangazi yetu.

Shangazi alikuwa ameolewa Unguja. Visiwani walikuwa na televisheni, bara hatukuwa nayo, na nyumba aliyoolewa ilikuwa ya watu wenye nacho. Aliporudi kwa treni alishuka na talaka, sanduku moja la bati na mbuzi ya kukunia nazi. Nazi zilizofika Tabora wakati huo zilikuwa zimechoka kuliko abiria, lakini mbuzi yake hakuiacha. Mwanzoni wanawake wa mtaa walikuja kumtazama kwa yale macho ya pole, wakishusha sauti akipita, na bibi, yaani mama yake mzazi, akawa anajibu maswali badala yake kama vile mwanawe ni bubu.

Kisha mmoja akauliza kama ni kweli kule watu wanatazama sinema wamekaa nyumbani kwao. Shangazi akasema ni kweli, tena ziko za wanyama wanaopigana. Akaanza: "Fyuuuuu... puu! Kimya. Halafu ting, ting, ting, ananyata. Halafu twaa!" Mikono ilikwenda mbele na nyuma kama anayekuna nazi. Wanawake walicheka mpaka adhana ya magharibi ikawakuta hapo hapo. Tangu jioni ile hakuwa tena mwanamke aliyeachwa. Alikuwa mtu aliyeona televisheni, na akienda harusini aliwekewa kiti.

Mimi na kaka tukaona ni dhambi maneno hayo yapotee. Baba alikuwa na duka dogo lililobakiwa na karatasi za kaki nyingi kuliko bidhaa za kufunga, kwa hiyo karatasi hazikuwa tabu. Rangi zilikuwa mbili tu, za ile penseli yake ya ncha mbili, nyekundu huku na buluu huku. Ndiyo maana fisi wetu ni wa buluu. Mbaya wake, kanga anayeleta madumu ya asali kutoka Sikonge kwa baiskeli, ni mwekundu. Kaka alichora, mimi niliandika maneno, na kitabu kikinenepa tulikishona kwa sindano ya magunia.

"Fisi amevaaje?" kaka aliuliza siku ya kwanza.

"Mvalishe unachotaka."

"Lakini wewe ulimwona amevaa nini?"

Shangazi alimaliza kumenya kiazi chake kwanza. "Sufuria. Kichwani. Hukusikia twaa? Hiyo ni sufuria."

Ndivyo alivyosimulia siku zote, ameketi juu ya mbuzi hata kama hakuna nazi, na kitu cha kumenya mkononi. Mlio ulitangulia, mnyama akafuata. Ukimwuliza mkia ulikuwa na urefu gani aliudhika. Ukimwuliza fisi alitoa sauti gani alipogongwa na gari moshi, alikuwa na sauti za kukuchagulia. Na hadithi zake zilikatika ghafla. Fisi ananing'inia kwenye paa, kamba inakatika uzi mmoja mmoja, sisi tumeshika pumzi, Shangazi anasimama, anapangusa mikono.

"Mwisho wake?"

"Mwisho wake wali ukaiva."

Tulidhani ndivyo televisheni inavyofunga hadithi. Nikaandika kwa herufi kubwa katika ukurasa wa mwisho wa kila kitabu: WALI UKAIVA.

Bibi wakati huo alikuwa anahudhuria elimu ya watu wazima, na kitabu cha darasani kuhusu kilimo cha pamba kilikuwa kimemchosha. Chetu alikikamata mara moja, maana kilijaa pu na twa na fyu, silabi alizokwisha kuzijua. Alikisoma uani kwa sauti, kidole chini ya herufi, "Pu! Pu! Twa!", mpaka wapita njia wakadhani tunapigana. Swali lake lilikuwa moja.

"Huyu fisi hafi?"

"Hafi, mama," Shangazi akajibu. "Kule hawafi."

"Basi kule kuzuri," akasema bibi, akafunua ukurasa mwingine.

Balozi wetu wa nyumba kumi naye alikiazima. Alikirudisha na uso wa kazi: fisi huyu hazalishi, anakula jasho la kanga, ni mnyonyaji, na watoto wanasoma. Lazima ashike jembe. Katika kitabu kilichofuata Shangazi akamshikisha, akampeleka kijiji cha Ujamaa kabisa, na jembe likaruka likampiga usoni, twaa! akalala bapa kama chapati. Balozi aliridhika. Baada ya siku chache alikuja kuulizia kama ataamka.

Halafu ikaja habari kwamba tunatembelewa. Binti mmoja wa Unguja, mtoto wa kaka wa yule aliyemwacha Shangazi, alikuwa amekuja kusoma shule ya bweni mjini kwetu, na adabu ilimtaka aje kusalimia. Tulifurahi kupita kiasi. Hatimaye mtu mwingine aliyeziona! Angetuambia kama fisi tumempatia. Shangazi kusikia hivyo akaanza kuumwa kichwa. Asubuhi ya siku yenyewe nilivikuta vitabu vyetu vyote ndani ya pipa la unga wa mahindi. Nikavitoa, nikavikung'uta vizuri, nikamgombeza kaka kwa uzembe.

Binti akaingia, akatoa shikamoo zake, akaitikiwa marahaba, na kabla hajamaliza maji ya kunywa kitabu kilikuwa mapajani mwake. Mama yetu alikuwa muuguzi hospitali ya Kitete, na siku hiyo alikuwa zamuni. Baba alikaa kwenye kiti chake chenye mikono, bibi mkekani, na balozi alikuwa mlangoni, kwa bahati tu, kama alivyosema. Shangazi alikuwa jikoni anapika.

Mgeni alisoma kwa sauti. Alicheka kwa fyuuu, akacheka kwa sufuria mpaka ushungi ukamdondokea mabegani. Akafika mwisho. "Wali ukaiva," akasoma, akacheka. Akafungua kingine. "Wali ukaiva." Safari hii hakucheka.

"Nani amewaambia zinaisha hivi?"

"Ndivyo zinavyoisha," nikamjibu, kwa ukali kidogo.

"Haziishi hivi. Mama mdogo ndiye..." Akatazama mlango wa jikoni, akashusha sauti. "Mama mdogo ndiye aliyekuwa akipika. Wali ukiiva yeye anapakua, sisi tunamalizia kutazama."

"Kwani alikuwa haji sebuleni?" baba akauliza.

"Alikuwa haitwi, baba."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi, na uso wake ulikuwa ule wa siku aliyoshuka kwenye treni. Niliogopa. Balozi alikuwa amesikia, kwa hiyo kesho mtaa mzima ungejua, na kile kiti cha harusini kingeondolewa.

"Sikuziona," akasema. "Nilizisikia. Mlango ulikuwa wazi kidogo."

Baba akasimama. Hakuwa mtu wa kusimama ovyo. "Dada, njoo ukae," akasema, akionyesha kiti chake.

"Nitakaaje, na nimeshika sinia?"

"Lete hapa!" Akalichukua, kisha akabaki nalo katikati ya chumba, hajui sinia huwekwa wapi nyumbani kwake mwenyewe.

Aliyetuokoa ni bibi. "Mimi nimejifunza kusoma kwa vitabu hivi," akasema. "Mwenye za kweli alete zake tuone. " Akamgeukia mgeni. "Mjukuu wangu, endelea, fisi yuko juu ya paa."

"Na kamba inakatika," akakumbusha balozi.

Kesho yake wanawake walikuja kama kawaida. "Haya, Bi Msikiaji, leo umesikia nini?" Shangazi akanuna kidogo kulinda heshima, kisha akaanza. Siku ile nilimpenda kuliko siku zote.

Televisheni ilipofika bara, kaka alikuwa na masharubu, mke, na nyumba yake Itetemia. Alinunua moja, akamleta Shangazi, sasa mzee, akamkalisha kiti cha mbele kabisa. Katuni ikaanza. Mnyama fulani, sijui mbwa sijui mbweha, akaanguka kutoka mlimani. Fyuuuuu, puu. Shangazi akainama mbele.

"Mlio ndio wenyewe," akasema. Akatazama tena kwa makini. "Ila wamemnyima sufuria."

Hakubandua macho tena. Ndipo wifi akaita kutoka jikoni kwamba wali umeiva. Nilimwona Shangazi akishika mikono ya kiti, magoti yameshaanza kuinuka yenyewe kwa mazoea. Akajizuia. Akakaa tena, akaegemea.

"Mwambieni," akasema bila kugeuka, "usiive kwanza."

Kaka akaenda jikoni, akaepua sufuria mwenyewe, akarudi amemshika mkewe mkono, akamtafutia kiti.