Muhogo wa Kando ya Barabara

Hapa Arua ukinunua udongo, habari zinafika sokoni kabla udongo wenyewe haujafika kwako. Mimi nilinunua magunia matatu kutoka Manibe, yakaletwa kwa boda hadi chini ya ghorofa ninayoishi, na mwendesha boda akaniuliza mara mbili kama kweli ndani ni udongo mtupu. Nikamwambia ndiyo. Akaitazama barabara, udongo mwekundu pande zote, bure, halafu akanitazama mimi. Gunia moja alinisaidia kulipandisha. Kwa yale mawili mgongo wake ukaanza kuuma ghafla.

Nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni mama. Mama aliishi Midia, kule Koboko, peke yake tangu baba alipofariki, na macho yake yalikuwa yanakwisha. Hakukubali. Alisema macho ni mazima, ni vumbi la magari ndilo limezidi. Halafu siku moja akaunga maharage kwa mafuta ya taa akidhani ni mafuta ya simsim, akawaambia majirani kwamba maharage ya siku hizi yana harufu mbaya. Majirani wakanipigia simu. Sikucheka. Niliogopa, nikamwomba ahamie kwangu.

"Huko juu mimi nitalima nini?" akaniuliza. "Simenti?"

Basi nikaamua kumlimia simenti.

Roshani yangu upana wake ni wa kitanda cha mtu mmoja. Nilikata madumu ya mafuta, nikayatoboa chini, nikapanda mchicha tunaouita dodo, nyanya na bilinganya, kwa maelekezo ya wanawake wa video za kwenye simu ambao wanapalilia wakiwa wamepaka rangi kucha. Hawakusema kwamba maji yakitoka kwenye dumu lazima yaende mahali. Yangu yalikwenda kwenye mashuka ya jirani wa chini, mama mmoja mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini. Mpole sana huyo. Hakuwahi kunigombeza. Akisikia ndoo yangu inagonga sakafu, anatoka tu kimya kimya na kuanua nguo zake.

Kwa kuwa nyumba bila harufu ya chakula haimvuti mtu, nikaanza pia kuoka. Nina oveni ya umeme, nzuri, nimeifunika kitambaa na juu yake nimeweka maua ya plastiki, kwa sababu kila nikiiwasha umeme unaondoka. Nikarudi kwenye mambo ya kawaida: sufuria kubwa, mchanga chini, makaa juu ya kifuniko. Keki ya kwanza niliikata kwa panga. Ya pili nilipeleka ofisini, wakanishukuru mmoja mmoja na kuiweka kwenye droo. Wanawake wa kanisani waliniambia, "Umejitahidi." Mimi nilisikia sifa. Kila keki nilimkatia jirani wa chini kipande kikubwa, fidia ya mashuka, na kila mara alinirudishia sahani imeoshwa, akisema watoto wamefurahi.

Kilichobaki ni muhogo. Kwa mama, mahali pasipo na muhogo ni hospitali au gereza. Nilipokwenda kumtembelea nikakata vijiti bila kumwambia, nikitaka kumshangaza. Nilichagua ule mstari wa kando ya barabara, maana ulikuwa umenawiri kuliko wote. Hakuna aliyechimba, hakuna mbuzi aliyetafuna. Nikajisifu kwa jicho langu la ukulima.

Hapo niseme ukweli. Mimi ni mtoto wa kambini. Baba alikuwa mwanajeshi, nikazaliwa kambini, nikakulia shule za bweni, na shamba la Midia nililijua wakati wa likizo, nikiwa nimekaa kwenye mkeka nikisubiri kuitwa kula. Hilo halikunizuia kusema ofisini, kila mvua inapochelewa, "Sisi wakulima tunaumia."

Muhogo ukakua ndani ya gunia hadi ukanizibia dirisha. Baada ya mwaka mmoja mama akakubali kuja kutazama. Kutazama tu, alisema, asije mtu akamfungia mlango. Asubuhi ya siku hiyo nikachimba. Mizizi mitano, myeupe, inapendeza. Kwetu muhogo unalowekwa siku kadhaa, unaanikwa, unatwangwa, ndipo unakuwa unga. Mimi niliamini kuloweka ni kazi ya watu wasio na simu. Simu yangu ilionyesha keki ya muhogo usiolowekwa. Mimi nikakwangua muhogo mbichi, nikatia mayai, sukari na simsim, nikaoka. Safari hii keki ikatoka imeumuka, rangi ya dhahabu, laini. Nikafurahi kama mjinga. Kipande cha kwanza, kikiwa bado cha moto, nikampelekea jirani wa chini.

Mama akafika saa tano. Alipanda ngazi akizitafuta kwa ncha ya kiatu, nami nikajifanya natafuta ufunguo ili asijue kwamba nimeona. Kwenye roshani aligusa kila kitu. Dodo akalipapasa, akasema limesongamana. Bilinganya akaiminya kama anakagua mtoto wa mtu. Alipofika kwenye shina la muhogo nililolilaza pembeni, akalishika kwa mikono miwili.

"Hii mbegu ulitoa wapi?"

"Nyumbani kwako, mama," nikasema kwa kiburi. "Ile mstari ya kando ya barabara."

"Uliomba nani?"

"Nilitaka ushangae."

Nikamwekea kipande cha keki mkononi. Akakipeleka puani. Akamega chembe, akaigusisha ulimi, akatema chini, palepale kwenye sakafu niliyopiga deki kwa ajili yake.

"Wewe ulilowesha hii?"

"Hapana. Niliikwangua tu."

"Ya kando ya barabara?" Sauti yake ilibadilika. "Wewe unafikiri sababu gani mimi napanda tamu ndani na hiyo napanda inje? Hiyo iko ya mbuzi na ya mwizi! Iko chungu. Mutu akiiba akakula hivi hivi, tumbo inamufunga, anaweza kufa. Kila mutu ya Midia anajua. Mbuzi ya Midia anajua!"

Nikakumbuka kipande cha jirani.

Sikumbuki nilivyoshuka. Najua kiatu kimoja kilibaki kwenye ngazi. Niliwaza juu ya watoto watatu wa jirani, nikamwona mama yao akinirudishia sahani imeoshwa, nikagonga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Watoto wamekula keki?" nikapiga kelele.

Jirani akanitazama kwa aibu kubwa. Macho yake yakakimbilia uani.

"Dada, usikasirike," akasema. "Watoto hapana. Keki yako sisi… sisi tunapeleka kwa kuku. Ya leo bado moto, iko pale juu ya ukuta."

Kwa hiyo ndivyo nilivyojua kwa nini kuku wake wamenona. Mwaka mzima wa mayai yangu, siagi yangu, jasho langu. Nikamkumbatia yule mama hadi akaguna, nikachukua kipande changu kutoka ukutani, nikapanda juu nikiwa na kiatu kimoja.

Mama alikuwa amekaa kitini. Nilipomweleza habari za kuku alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya leso. Halafu akaacha kucheka.

"Na wewe ulikula?"

"Bado. Nilikuwa nakungoja wewe."

Alinyoosha mkono akanipapasa uso, paji, mashavu, kidevu, kama alivyopapasa yale madumu. Siku mbili baadaye akarudi Midia bila kusema neno juu ya kuhama. Niliporudi kutoka kituo cha basi niling'oa muhogo wote uliobaki kwenye gunia, nikalia kwa hasira na kwa aibu, maana nilitaka kumtoa mama kwenye jiko lenye mafuta ya taa, nami nimemwonyesha jiko baya zaidi.

Baada ya wiki mbili nikasikia kelele ngazini. Mama amekuja, na magodoro, na ungo, na kinu cha kutwangia kinachobebwa na wanaume wawili. Shamba amemwachia shemeji yake. Majirani wa kila mlango walikuwa wametoka, naye alikuwa akiwaeleza kwa kile Kiswahili chake cha kambini, kwa sauti ya kufika hadi sokoni:

"Mutoto yangu iko na shida kidogo ya kichwa. Hapana weza kumuacha peke yake na jiko. Mimi nimekuja kumuangalia."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilifungua mdomo, kisha nikaona kiatu chake kikitafuta ngazi ya mwisho, nikaufunga.

Sasa anakaa kwangu. Muhogo mtamu uko kwenye magunia mawili, kinu kiko juu ya oveni, na maji bado yanawadondokea watu wa chini. Keki naoka yeye akiwa ameketi karibu, ananusa kila kitu kabla sijakitia. Jumapili tunashuka pamoja. Ananishika bega kwa nguvu, na akisikia nyayo za mtu anapanda anamwambia kwamba ananishikilia nisianguke. Watu wananihurumia. Jirani wa chini huniuliza polepole, kama anavyoulizwa mgonjwa, "Dada, leo uko namna gani?"

"Leo nafuu kidogo," namjibu, na kumhesabia mama ngazi kimoyomoyo.