Mwanakheir Katoka Arubaini Haijatimia

Mwanakheir ni mke wa kaka yangu Shamsi. Kazaliwa Tumbatu, kaolewa kwetu Mtoni, na tangu aje watu wa mtaani wanamcheka anavyosema. Akenda dukani kununua sabuni, mwenye duka anamjibu kwa Kitumbatu cha uongo ili watu wacheke. Yeye huchukua sabuni yake akaondoka. Basi wakamuona mjinga. Mie nnasema wajinga ni wao.

Alipojifungua Yusra, Shamsi yuko Paje, kazini hotelini, akaletwa shangazi yetu Bi Thuwaiba amkalie mzazi mpaka arubaini. Kupika anajua, kukanda anajua, hapo sina la kusema. Lakini mlango kaukalia. Mzazi hatoki, kwa sababu kaburi lake liko wazi mpaka arubaini itimie, na mtoto hatoki, atapata upepo.

Asubuhi moja Yusra kaamka anawaka moto. Mwanakheir akasema apelekwe hospitali, maana nesi alimuusia pale pale alipojifungua: mtoto mchanga hivi akipata joto, usianze na dawa nyumbani, mlete. Bi Thuwaiba akasema ni chango tu, tumbo la watoto. Akatoa kichupa cha panadoli ya maji, kilichobaki kwa mjukuu wake anayesoma skuli, akampa kijiko cha chai kizima. Kijiko kizima, kitoto kile! Joto likashuka. Majirani waliokuja kumtazama mtoto wakaambiwa mmeona, hawa wa siku hizi hospitali tu, hospitali tu.

Adhuhuri joto likarudi. Titi hataki, analia kilio cha chini chini, kama paka kafungiwa kabatini. Mie nlikuwa nje naosha teksi, nasikia kila kitu dirishani. Nikachungulia. Bi Thuwaiba kashika kijiko tena, na Mwanakheir kakiziba kichupa kwa kiganja.

"Shangazi, usimpe. Joto lake nnalitaka. Nataka daktari alione."

Majirani wakacheka. Mmoja akasema wenziwe wanatafuta dawa ya kushusha homa, huyu anaiweka kama akiba. Wallahi nlitaka kuingia niwatoe mmoja mmoja. Mtoto anaungua, watu wazima wanafanya mzaha.

Bi Thuwaiba hakucheka. Kasimama mlangoni, uso umembadilika.

"Ukivuka hapa ukafa, Shamsi ntamwambia nini?"

"Mwambie nlimpeleka mwanawe hospitali."

Akavaa buibui, akambeba Yusra, akampitia shangazi ubavuni, akaingia kwenye teksi yangu.

Hospitali, daktari akamuuliza Mwanakheir mtoto kapewa dawa gani, kiasi gani, lini. Akamjibu bila kuficha. Kusikia kile kijiko, daktari akakunja uso. Wakapima damu na mkojo. Maradhi yako kwenye njia ya mkojo, yanapanda figoni. Daktari akasema mngeendelea kulishusha joto nyumbani, mngemuona katulia, na maradhi yanakwenda zake ndani. Sindano zikaanza hapo hapo. Halafu, alipokwisha kujua anatibu nini, ndipo akamuandikia panadoli ya kutuliza maumivu, kidogo, kwa uzito wake.

Kesho yake Bi Thuwaiba kaja na uji wa pilipili manga, akamkuta nesi anampa Yusra ile panadoli mdomoni kwa bomba dogo.

"Si dawa yangu ile ile? Na nyie mkanipigia makelele."

Akageukia vitanda vya jirani, akawaambia wazazi wa watu kuwa yeye ndiye aliyeianza. Watu wakampa hongera! Damu ikanichemka. Nikasimama nimwage yote, kijiko, mlango, majirani na vicheko vyao, wodi nzima isikie. Nshafungua mdomo, Mwanakheir akanishika mkono wa kanzu. Ndani ya kanga yake mtoto alikuwa anagugumia.

"Shemeji, pole pole. Ananyonya."

Nikakaa.