Jiwe la Mama Kilimani

Kila Agosti, upepo ukileta mtaani kwetu Hillbrow harufu ya nyasi zilizoungua, mimi huacha ninachofanya. Hata darasani, shule ya usiku, niliwahi kuweka kalamu chini nikanusa hewa kama mbwa wa polisi, mpaka mwalimu akauliza kama naumwa. Siumwi, msomaji wangu. Niko kilimani, nina miaka tisa, na soksi zangu zimejaa majivu.

Mwaka ule, 2016, bibi mzaa mama alifariki Uvira. Habari ilikuja kwa simu na mazishi yakafanyika bila sisi, kwa sababu karatasi za ukimbizi za Mama hazikumruhusu kwenda na kurudi. Akina mama wa Kikongo walijaa chumbani kwetu, ghorofa ya kumi na moja, wakakaa matanga mikeka ikapandana; jengo zima, naapa, liliinama upande wetu. Lakini kuyafunga matanga, Mama alikataa. Kwao mtoto wa kwanza ndiye hutupa udongo kaburini kabla ya wengine. Yeye ndiye wa kwanza, na hakutupa. Walikuja na mchele na sufuria zao kupika chakula cha kufunga, akawarudisha. Wakaja tena, akawarudisha tena. Saluni alisuka wateja bila kuimba. Nyumbani aligusa chakula kama anayeonja dawa, akakonda hadi pete ikamtoka yenyewe ikatumbukia kwenye sinki. Mimi niliogopa kwamba anamfuata Bibi.

Ndipo akaja maseri. Hivyo ndivyo tulivyomwita yule mtawa mzee kutoka Ireland aliyetufundisha katekisimu. Alipenda mawe kuliko watu wengine wanavyopenda nyama. Kwao, alituambia, yako makaburi ya mawe makubwa kama basi, ya zamani kuliko Farao, ambayo unayaingia umeinama hadi unafika tumboni mwa kilima. Mengine yamesimama wima peke yake mashambani, na hakuna anayejua yanamsubiri nani. Utotoni baba yake alimpeleka kuyatazama, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa kuwa Ireland haifikiki kwa teksi, alitupeleka kusini mwa mji, kwenye kilima chenye magofu ya mawe ya Watswana wa kale. Nyuma yake tulifuata mimi, Mama na Tantine Furaha, shangazi wa kuitwa tu, mwenzake Mama wa saluni, aliyepanda kwa viatu vya kanisani na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, kichwani.

"Eish, maseri!" Tantine alilia. "Huko juu iko nini? Maana malaika nimeshaanza kuwasikia!"

Nikatafsiri. Maseri alicheka hadi akatafuta pa kukaa.

Juu kulikuwa na kuta fupi za mviringo, na ukiziegemea ulihisi joto la jua limelala ndani yake. Mbele kidogo, kando ya njia, palikuwa na rundo la mawe madogo, refu kunishinda mimi. Mama alisimama. Akavua viatu, akaokota jiwe, akalifuta majivu kwa kitenge chake, akapiga goti.

Maseri akaniinamia. "Mwambie mama yako hili si kaburi," alininong'oneza kwa Kiingereza. "Ni la wasafiri. Zamani kila mpita njia aliongeza jiwe, akiomba safari njema."

Nami, mkalimani wa familia tangu chekechea, niliyemtafsiria Mama hata mdomo wake ukiwa wazi kwa daktari wa meno, nikapaza sauti kilima chote kisikie:

"Mama! Hii haiko kaburi! Iko ya wasafiri tu!"

"Najua," alisema bila kugeuka.

"Sasa mbona unapiga goti?"

"Wasafiri, si ndiyo? Na sisi tuko watu gani? Tafuta jiwe yako, weye."

Akaweka lake huku akimtaja Bibi kwa majina yake yote, hata lile la utani ambalo majirani tu ndio walilitumia. Tantine akatua sufuria, akavua viatu vyake vya kanisani, akaweka la kwake. Maseri naye akaokota jiwe na kutaja jina la mwanamume nisiyemjua. La kwangu liliporomoka. Mama akalishindilia kwa kidole gumba, pembeni mwa lake.

Tukiwa tunashuka alisema, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa, "Furaha, Jumamosi mje."

Tantine alisimama ghafla, sufuria ikayumba. "Wote?"

"Wote. Na sufuria zenu."

Nilipiga kelele ya furaha. Wali! Nyama ya mbuzi! Soda! Nilishuka mbio nikiimba, na Jumatatu niliwatangazia watoto wote wa shule kwamba kusini mwa mji kuna kilima kinachorudishia watu hamu ya kula.

Miaka mingi nilijiona mtoto mwerevu wa siku ile, yule aliyejua Kiingereza. Kumbe Mama, maseri na Tantine walielewana bila mimi, na mimi ndiye sikuwa na mkalimani. Hakuna aliyeniambia kwamba nilikuwa natoka mazishini, kumzika bibi yangu, huku nikirukaruka kwa ajili ya soda.